Vipimo vya Skrini Vinapokosekana: Mwongozo kwa Mtumiaji wa Linux

Mtu aliyezoea kuona maandishi yake yakiwa safi na membamba katika kompyuta mpakato yake, kisha akaichomeka kwenye monita ya mezani au projekta ya ukumbini na kuona picha imevimba, herufi zimenenepa na miduara imebonyea, hufungua mipangilio ya skrini akitumaini kuchagua kipimo kilicho bora, na aghalabu hukuta orodha fupi inayoishia 1024x768, ilhali monita yenyewe imebandikwa karatasi inayotangaza kuwa ni ya 1920x1080. Hapo baadhi ya watu hulaumu Linux na kurudi kwenye kioo chao kidogo. Wengine, wenye haraka zaidi, hunakili amri zenye tarakimu nyingi wasizozijua maana, wakazibandika na kuomba heri. Mwongozo huu nimewakusudia hao wa pili, kwa kuwa wana nia ya kurekebisha mambo, na upungufu wao ni utaratibu tu.

Jambo la kwanza la kushika ni kwamba kipimo cha picha, ambacho mafundi hukiita rezolusheni, hakipotei chenyewe. Ama skrini haikukitaja ilipoulizwa, ama ilikitaja na pakatokea njiani aliyekifuta. Kazi yako ni kumjua mfutaji, naye yumo miongoni mwa wachache wanaojulikana: mpangilio wako mwenyewe, draiva ya kadi ya picha, waya au adapta, na uwezo wa njia inayopitisha picha. Ukikilazimisha kipimo kirudi kabla ya kumjua aliyekiondoa, yamkini utafaulu kwa bahati, lakini mara nyingi zaidi utaambulia skrini nyeusi.

Orodha uionayo katika mipangilio haikutungwa na Linux. Kila monita, televisheni na projekta ya zama hizi hubeba ndani yake hati fupi iitwayo EDID, iliyowekewa kanuni na shirika la VESA mwaka 1994, na humo skrini hujieleza: imetengenezwa na nani, ina upana na urefu gani, inapokea vipimo vipi, na kipi katika hivyo ndicho ikipendacho kuliko vingine. Sehemu ya msingi ya hati hiyo ina baiti 128 tu. Nane za mwanzo hazibadiliki kamwe, nazo ni 00 FF FF FF FF FF FF 00, na ile ya mwisho imekadiriwa makusudi ili jumla ya zote 128 igawanyike kwa 256 pasiwe na baki, kusudi anayeisoma ajue kama hati imefika kamili au imeharibika njiani. Skrini nyingi za HDMI huongeza fungu la pili la baiti 128, zikawa 256. Unapochomeka waya, kerneli ya Linux huiomba hati hiyo kupitia nyuzi mbili za pembeni ambazo hazibebi picha kabisa, huisoma, huondoa vipimo ambavyo kadi au njia haiwezi kuvipitisha, kisha hukabidhi vilivyobaki kwa mfumo wa madirisha, nao hukuonyesha wewe. Kwa kuwa kazi hii hufanywa ndani ya kerneli, jambo lililoanza mwaka 2009 kwa kadi za Intel na kuenea kwa nyingine, habari zake zote hupatikana mahali pamoja, katika folda ya /sys/class/drm, na huko ndiko tutakakokwenda kutafuta ithibati badala ya kubahatisha.

Lakini anza na lililo jepesi, maana ndilo linalosahauliwa. Kama skrini mbili zimewekwa katika hali ya kuonyesha picha moja kwa pamoja, orodha hubaki na vile vipimo tu ambavyo zote mbili zinavikubali. Kompyuta mpakato nyingi zilizotumika, zile zinazoingia katika maduka yetu kutoka ng'ambo baada ya kumaliza miaka yao ya ofisini, zina kioo cha 1366x768. Projekta nyingi za madarasani zina 1280x800 au 1024x768. Na skrini mbili za namna hiyo huwa kama watu wawili waliobeba mzigo kwa mti mmoja mabegani, ambao mwendo wao ni wa yule mwenye hatua fupi. Zitenganishe, kila moja iwe na eneo lake, na mara nyingi kipimo kilichotoweka hujitokeza papo hapo. Mwalimu anayetaka wanafunzi waone kile akionacho yeye hatapendezwa na shauri hili, nami simlaumu. Hata hivyo na azitenganishe kwanza kwa ajili ya uchunguzi, kisha azirudishe.

Pili, jua ni mfumo gani wa madirisha unaokuhudumia. Fungua terminali uandike:

echo $XDG_SESSION_TYPE

Jibu litakuwa x11 au wayland, na tofauti yake si ndogo. Amri ya xrandr, ambayo ndiyo iliyojaa katika maelezo ya miaka iliyopita, hutawala skrini pale tu X11 inapotumika. Chini ya Wayland, ambayo Fedora iliifanya kuwa ya kawaida kwa GNOME tangu mwaka 2016 na wengine wakafuata, xrandr hujibu, lakini hujibu kwa niaba ya seva ya uigizaji iliyowekwa kwa ajili ya programu za zamani, na kipimo utakachokiongeza humo hakifiki kwenye skrini halisi. Watu wamepoteza saa nzima wakirudia amri ambayo haikuwa na mtu wa kuisikiliza. Mwenye KDE atumie kscreen-doctor -o. Mwenye Sway atumie swaymsg -t get_outputs. Mwenye GNOME atosheke na dirisha la mipangilio, au, kama toleo lake ni la 48 au baada yake, atumie gdctl show. Na kama toleo la Linux ulilonalo bado lina kikao cha X11 katika ukurasa wa kuingilia, kichague kwa muda wa uchunguzi tu, kwani humo vyombo vya kupimia ni vingi zaidi.

Tatu ni draiva. Andika lspci -k, utafute mistari ya kadi ya picha, na chini yake maneno Kernel driver in use. Kwa Intel utarajie i915, au xe kwa kadi mpya. Kwa AMD, amdgpu, au radeon kwa kadi za zamani. Kwa NVIDIA, nouveau au nvidia. Usipokuta hata moja, mfumo wako unaonyesha picha kwa njia ya dharura tu, ile iliyorithiwa kutoka programu ya kuwashia kompyuta, nayo ina kipimo kimoja ambacho haina uwezo wa kukibadilisha. Dalili yake katika X11 ni dhahiri mno: xrandr hulalamika ikisema Failed to get size of gamma for output default, na skrini haiitwi eDP-1 wala HDMI-1, bali huitwa default, jina la kitu kisicho na jina.

Sababu iliyo mashuhuri ya hali hiyo ni neno moja. Wakati wa kusakinisha, mtu ambaye kompyuta yake ilikataa kuonyesha picha huchagua njia ya usalama, na njia hiyo huandika nomodeset katika amri za kuwashia kerneli, yaani huikataza kerneli isiguse vipimo vya skrini kabisa. Usakinishaji ukiisha, neno hilo pengine husalia, na mwenyewe amekwisha kulisahau. Tazama:

cat /proc/cmdline

Ukilikuta humo, katika Ubuntu na Debian fungua faili la /etc/default/grub kwa mamlaka ya msimamizi, uliondoe katika mstari wa GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT au ule wa GRUB_CMDLINE_LINUX, uhifadhi, uendeshe sudo update-grub, kisha uwashe kompyuta upya. Katika Fedora amri ni moja:

sudo grubby --update-kernel=ALL --remove-args=nomodeset

Kadhalika chungulia kama lipo faili la zamani la /etc/X11/xorg.conf; mifumo ya leo haihitaji faili hilo, na likiwapo huenda linaitaja draiva ya vesa au kadi uliyokwisha kuiacha. Lipe jina jingine usilifute, uwashe upya utazame.

Kompyuta zenye kadi mbili za picha zina mkasa wao. Katika nyingi, kioo cha ndani kimeungwa na kadi ya Intel au AMD, ilhali tundu la HDMI limeungwa moja kwa moja na kadi ya NVIDIA. Draiva ya NVIDIA isipokuwa imepakiwa sawasawa, kioo cha ndani kitapendeza na tundu la HDMI litakuwa kama halipo, hata kwa waya bora kuliko zote. Katika /sys/class/drm utaona kadi zikitajwa kwa namba, mathalani card0 na card1, kila moja na matundu yake. Kama tundu ulilolichomeka halimo chini ya kadi yoyote, umekwisha kumpata mfutaji, naye ni draiva. Waya hauhusiki.

Sasa tufike penye kiini cha mambo. Andika ls /sys/class/drm, utaona majina kama card1-eDP-1, ambacho ndicho kioo cha ndani, na card1-HDMI-A-1 au card1-DP-2, ambayo ni matundu ya nje. Namba ya kadi inaweza kuwa 0 au 1, tumia uliyoikuta. Kisha uliza maswali matatu kwa zamu:

cat /sys/class/drm/card1-HDMI-A-1/status
cat /sys/class/drm/card1-HDMI-A-1/edid | wc -c
cat /sys/class/drm/card1-HDMI-A-1/modes

La kwanza lijibiwe connected. La pili lihesabu baiti za hati, nawe utarajie 128, 256 au kizidishe kingine cha 128. Wala usiziangalie kwa ls -l, kwa sababu huko faili hili huonekana tupu hata likiwa limejaa. La tatu litoe orodha ya vipimo vilivyopona baada ya kerneli kuchuja. Ili kujua skrini ilisema nini kabla ya mchujo, sakinisha programu ya edid-decode, kisha:

edid-decode < /sys/class/drm/card1-HDMI-A-1/edid

Itakusomea hati yote kwa maneno, na mwishoni itakuambia kama jumla yake ni sahihi. Hapo sasa hukumu ni rahisi. Kipimo unachokitaka kisipokuwamo katika hati, skrini haikukitaja, au adapta iliyo katikati imekutajia hati yake yenyewe badala ya ya skrini. Kikiwamo katika hati na kikakosekana katika modes, kerneli ndiyo iliyokifuta, na sababu ni uwezo wa njia. Kikiwamo katika modes na kikakosekana katika mipangilio, tatizo liko juu, katika mfumo wa madirisha: skrini zinaonyesha picha moja, au mpangilio wa zamani umehifadhiwa. Kwa GNOME faili hilo la mpangilio ni ~/.config/monitors.xml, nalo unaweza kulihamisha kando bila hasara kubwa kuliko kupanga skrini zako upya.

Hesabu ya baiti ikiwa 0, maana yake skrini imegundulika lakini hati yake haikusomeka, na kerneli, kwa kukosa habari, imejifanyia orodha ya tahadhari. Katika X11 hali hiyo ina sura yake, ambayo ukiisha kuiona mara moja hutaisahau tena:

HDMI-1 connected 1024x768+1366+0 (normal left inverted right x axis y axis) 0mm x 0mm
   1024x768      60.00*
   800x600       60.32    56.25
   848x480       60.00
   640x480       59.94

Iangalie ile 0mm x 0mm. Hakuna monita isiyo na upana wala urefu. Sifuri hizo ni ungamo la kerneli kwamba haikuambiwa kitu. Na vipimo hivyo vinne ndivyo vya akiba, vinavyotolewa kwa skrini yoyote isiyojieleza. Kwa hiyo anayeniambia kwamba monita yake mpya inaishia 1024x768 simwulizi habari za Linux yake, namwuliza habari za waya. Maneno EDID checksum is invalid katika majibu ya sudo dmesg yana maana ya karibu na hiyo: hati ilikuja, lakini ilifika na kasoro.

Waya wa VGA una pini 15, na hati ya skrini hupita katika pini ya 12 na ya 15. Waya za bei ya chini, na zile ndefu zilizofichwa kutani na kwenye dari za kumbi, mara nyingi hazina nyuzi za pini hizo. Rangi tatu za picha zinapita, na ukumbi mzima unaona picha, lakini skrini ni bubu. Chukua waya utazame ncha yake. Pini ya 9 ikikosekana usishtuke, maana waya nyingi nzima zimetengenezwa hivyo. Ikikosekana ya 12 au ya 15, waya huo uweke kwa matumizi mengine. Adapta za kugeuza HDMI kuwa VGA nazo zina hila yake: ndani yake mna chipu inayogeuza picha, na chipu hiyo hula umeme wa tundu la HDMI, ambalo kanuni hulilazimisha kutoa miliampea 55 tu. Adapta yenye njaa kuliko hapo hufanya kazi leo na kukataa kesho, ndiyo maana nyingine zina kitundu cha USB pembeni cha kuongezea umeme. Kama yako inacho, kitumie. Vigawanyio vya picha na visanduku vya kubadilishia kompyuta huzuia hati vilevile, au hutoa hati ya kubuni yenye vipimo vichache. Basi kabla ya kugusa faili lolote, chomeka monita moja kwa moja, kwa waya mfupi usio na kitu katikati, ukiwa umeiwasha monita kwanza. Nasema kwa yakini kwamba jaribio hili moja huokoa kazi nyingi kuliko amri zote zilizomo humu, na ndilo ambalo watu hulifanya mwisho.

Hati ikiwa nzima na kipimo kikafutwa na kerneli, mtafute mfutaji katika uwezo. Kila kipimo kina kasi yake ya nukta, ihesabiwayo kwa megahezi: 1920x1080 kwa mara 60 kwa sekunde hutaka 148.5, 2560x1440 kwa kasi hiyo hiyo hutaka 241.5, na 3840x2160, kwa HDMI, hutaka 594. Nazo njia zina mipaka: HDMI ya matoleo ya awali hadi 1.2 huishia 165, ya 1.3 na 1.4 hufika 340, na ya 2.0, iliyotoka mwaka 2013, hufika 600. Ukiisha kuzijua tarakimu hizi, mafumbo mengi hujifumbua. Monita ya 2560x1440 inayoonyesha 1920x1080 tu kupitia adapta ndogo ya DisplayPort kwenda HDMI imekutana na adapta ya aina ya kwanza, isiyovuka 165. Tafuta ya aina ya pili, au tumia waya wa DisplayPort pande zote mbili. Skrini ya 3840x2160 inayokubali mara 30 tu kwa sekunde, na mshale wa kipanya ukawa unaruka, imeungwa na tundu la HDMI 1.4, ambalo 297 hulipita lakini 594 hulishinda. Hakuna amri itakayolipanua tundu hilo.

Doki za USB-C zinastahili neno pekee, kwa kuwa ndizo zinazonunuliwa sana siku hizi na ndizo zenye maelezo haba. Waya wa USB-C una njia nne za kasi. Doki inayotaka kupitisha data ya USB 3 pamoja na picha huchukua mbili kwa data na kuiachia picha mbili. Kwa DisplayPort 1.2 njia mbili hupitisha gigabiti 8.64 kwa sekunde za picha halisi, ilhali 3840x2160 kwa mara 60 hutaka takriban 12.8, ndipo unapoona mara 30 tu, bila kosa la mtu. Baadhi ya monita zina mpangilio ndani ya menyu yao wenyewe wa kuchagua toleo la DisplayPort au la HDMI, nao huenda umewekwa kwenye la zamani, upitie. Na zipo doki za namna nyingine kabisa, za DisplayLink, ambazo picha husafiri ndani yake kama data ya kawaida: lsusb ikikuonyesha kifaa chenye namba inayoanza na 17e9, doki yako ni ya kabila hilo, na kwa kawaida haitatoa picha mpaka usakinishe draiva yake pamoja na moduli ya evdi.

Umechunguza yote, umejua kuwa hati haisomeki, waya wa darini hauwezi kubadilishwa, na wageni wamekwisha kaa. Sasa ndipo kulazimisha kunapokuwa halali. Katika X11 huanzwa kwa kukokotoa kipimo, nako kuna mtego ambao waandishi wengi wa maelekezo huupita kimya. Amri cvt 1920 1080 60 hukupa mstari wenye kasi ya 173 MHz, zaidi ya 148.5 tuliyoitaja, kwa sababu hukadiria muda mrefu wa mapumziko baina ya mistari, muda ambao monita za kale za kioo kinene ziliuhitaji ili mwale wa elektroni urudi mwanzo. Tundu la HDMI lisilo na hati aghalabu huchukuliwa kama DVI, yenye mpaka wa 165. Basi 173 hukataliwa, na mtumiaji hujibiwa Configure crtc 1 failed pasipo maelezo. Tumia cvt -r 1920 1080 60, inayopunguza mapumziko na kushuka hadi 138.5:

xrandr --newmode "1920x1080R" 138.50 1920 1968 2000 2080 1080 1083 1088 1111 +hsync -vsync
xrandr --addmode HDMI-1 "1920x1080R"
xrandr --output HDMI-1 --mode "1920x1080R"; sleep 15; xrandr --output HDMI-1 --auto

Mstari wa mwisho ni wa hadhari: hungoja sekunde 15, halafu huirudisha skrini katika hali ya kawaida, ili ukipata giza usiishi nalo. Ukiona picha imetulia, rudia sehemu ya kwanza peke yake. Usitaje kipimo kikubwa kuliko nukta halisi za skrini. Hakuna faida itakayopatikana, na projekta za kale hupenda kujizima zikitendewa hivyo. Amri hizi hufutika kompyuta ikizimwa. Ukizitaka zidumu, ziandike katika faili la ~/.xprofile. Angalia pia kwamba xrandr huliita tundu HDMI-1 ilhali kerneli huliita HDMI-A-1. Ukichanganya majina haya mawili, amri haitatenda kitu.

Katika Wayland, kulazimisha hufanywa mapema zaidi, kwa kuiambia kerneli inapowaka. Katika mstari ule ule ulikotoka nomodeset, ongeza:

video=HDMI-A-1:1920x1080MR@60

ambapo M huagiza ukokotoaji wa cvt na R hupunguza mapumziko, kisha endesha update-grub na uwashe upya. Njia iliyo bora kuliko hii, ingawa ni ya wenye subira, ni kuipatia kerneli hati halisi: ichomeke monita hiyo kwenye kompyuta nyingine kwa waya mzuri, nakili faili lake la edid, liweke katika /lib/firmware/edid/monita.bin, na uongeze drm.edid_firmware=HDMI-A-1:edid/monita.bin. Kwa kuwa draiva ya picha hupakiwa mapema sana, faili hilo sharti liingizwe pia katika initramfs, la sivyo kerneli italitafuta kabla diski haijafunguliwa na kukosa.

Wenye televisheni wanaolalamika kuwa kipimo ni sahihi lakini kingo zimekatwa, upau wa juu ukafichika, hawana shida na Linux. Televisheni ndiyo inayokuza picha, kwa desturi ya siku za matangazo ya antena. Ingia katika menyu yake, utafute mpangilio unaoitwa Just Scan, Screen Fit au jina la kufanana na hayo.

Ikiwa baada ya hayo yote bado umekwama, na unataka msaada wa wenye ujuzi, usiwaandikie kwamba skrini haifanyi kazi. Wapelekee jibu la XDG_SESSION_TYPE, mistari ya lspci -k inayohusu kadi ya picha, orodha ya modes, maelezo ya edid-decode na habari kamili za waya na adapta zilizo katikati, bila kuificha hata ile ya bei ndogo. Maelezo ya edid-decode hubeba namba ya kiwandani ya monita yako. Ifute kwanza kama hutaki ijulikane, halafu utume.